Sanamu la Chemchemi

Sogeeni karibu, ngano imeiva.

Chemchemi ya Kwamduma ilinuka, na watu wakalilaumu zimwi lililoishi humo. Semeni mfinyanzi akasema, “Nitachunguza nipate ushahidi, tulifukuze.” Akazoa uchafu wote majini, akaufinyanga ukawa sanamu. Sanamu likainuka, likaingia kijijini.

Kwa fundi cherehani likasema, “Baba, vitambaa hivi ni vyako.” Fundi akainama. Kwa mchinjaji likasema, “Baba, pembe hizi ni zako.” Mchinjaji akainama. Kwa Semeni, mbele ya watu wote, likasema, “Mama, vigae hivi ni vyako.” Semeni akajifunika uso kwa kanga.

Ndipo zimwi likaja kutoka chemchemini, limekonda, linakohoa. “Jamani, naombeni maji safi ya kunywa.”

Hakuna aliyekuwa nayo.

Ngano imeishia hapo; aibu yake tugawane.