Maua Hayakimbii

Jioni ya fainali, Mbwambo alipandisha kiingilio cha kibanda umiza, banda lake la kuonyeshea mpira, kikawa mara tatu ya kile cha zamani. "Asiye na hela akalale!" alisema, kisha akavuka barabara kurudi kwenye duka lake la televisheni.

Chausiku akaingia. "Bosi, hii televisheni ya OLED mbona bei yake ni mara nne ya ile ya kawaida?"

"Angalia picha, dada!" Akawasha zote mbili, maua yakachanua kwenye skrini.

"Maua hayakimbii, bosi. Nitajuaje kama picha haikwamikwami? Weka mpira."

Mbwambo akaweka fainali.

"Hapo sawa. Ila tunanunua kwa mchango wa ukoo. Wasipoiona wenyewe, watanisema."

"Waite!" Mbwambo akapanga viti, akagawa soda.

Ukoo ukafurika mpaka mlangoni, ukalinganisha kwa kelele hadi kipenga cha mwisho.

"Haya, mnachukua ipi?"

"OLED ndiyo kiboko, hatubishi," alisema Chausiku. "Iweke kibandani, rudisha kiingilio cha zamani, tutakuja."

Mbwambo akatazama ng'ambo ya barabara. Kwenye mabenchi matupu ya kibanda, mkata tiketi wake alikuwa amelala fofofo.