Kwa Nini Neno Refu Hupigiwa Makofi

Nyie mnaopiga makofi darasani mkisoma, kaeni vizuri niwaambie yalikotoka, maana hamkuzaliwa nayo.

Hapo kale, huko milimani Upare, neno la Kiingereza lilimezwa zima. Mwalimu alilitamka mara moja, mwanafunzi akalirudisha kwa pumzi moja. Aliyekwama alipewa siku moja tu ya kujaribu tena. Akikwama tena alirudi nyumbani kuchunga mbuzi, na habari ya shule ikaishia hapo. Wengi walikwenda hivyo, watoto wenye akili zao timamu.

Siku moja binti aitwaye Nakiete alikwamia neno anhapines, lile linaloandikwa unhappiness. Neno lilimkaa kooni kama kiazi kikavu. Alifika nyumbani analia, kwa sababu shule aliipenda kupita chochote, na mbuzi hakuwapenda hata kidogo.

Alimkuta mama yake uani na miwa. Kwa hasira zake akanyakua mmoja, mzima na maganda yake, akaung'ata.

"We mtoto, nani kakwambia muwa unaliwa hivyo?" mama akamuuliza. "Hebu lete hapa." Akaulaza juu ya gogo, akaukata kwa panga fundo kwa fundo, pa, pa, kila pingili ikaanguka peke yake.

Nakiete akaacha kulia. Akalijaribu neno lake kwa mapigo yale yale: an, ha, pi, nes. Likakatika. Tena vile vipande viwili vya katikati akavijua, maana ni ile hapi wanayoimbiwa watoto siku ya kuzaliwa, furaha yenyewe. An ya mbele, walikwisha kufundishwa, ni ya kukataa, na nes ya nyuma ni ya kutaja hali. Kumbe dude lililomtisha lilikuwa hali ya kukosa furaha, na hali hiyo alikuwa nayo tangu asubuhi.

Kesho yake akasimama mbele ya Mwalimu Mrutu. Panga hakuwa nalo, basi akatumia viganja, kofi moja kwa kila pingili. Kisha akaziunganisha, akalitamka neno zima na maana yake akaieleza. Mwalimu alikuwa mtu mgumu kwelikweli. Lakini siku hiyo akaagiza waitwe wote waliokuwa malishoni.

"Waambieni waje na viganja vyao," alisema.

Na tangu siku hiyo, neno likiwa refu hupigiwa makofi kwanza, na mbuzi wa kule huchungwa jioni, shule ikishafungwa.