Haragwe la Madoadoa

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba Jumapili ile katika kanisa dogo la Kwemzinga, milimani, walikuwapo hawa: Mwalimu Stefano, aliyeongoza sala siku ambazo Padre hayupo, Damari mkewe, Bibi Eufemia, mkubwa wa Umoja wa Mama, ambaye umri wake hakuujua hata yeye mwenyewe, Mzee Habili, mpiga kengele, Anania na Hilda, waliokuja kufunga ndoa, Blandina, mjane wa kaka yake Damari, na Salome binti yake, mwenye miaka mitatu. Waumini wengine walijaza mabenchi hadi mlangoni. Aliyekosekana alikuwa mmoja tu, naye ndiye waliyekuwa wakimngoja: Padre Lukasi.

Zamani zile Padre alikuwa na makanisa manne na miguu miwili. Alitembea kutoka mlima hadi mlima, kila kanisa Jumapili moja, hata zamu ikarudi. Mwalimu Stefano aliyajua majina ya Jumapili zote za mwaka wa Kanisa, lakini zamu ya Padre haikufuata majina hayo. Ilifuata miguu yake. Kwa hiyo watu wa Kwemzinga walikuwa na kibuyu. Kila Jumapili baada ya sala, mtunza kibuyu alitia ndani haragwe moja jeusi. Yakifika matatu, ilijulikana kwamba Jumapili inayofuata ni ya Padre, na juma zima likawa la shughuli: akina mama wakafua na kupiga pasi vitambaa vya altare, wanaume wakakandika sakafu kwa udongo mwekundu, wagonjwa wakatembelewa na kuulizwa kama wangependa kuletewa Ushirika vitandani. Padre akiisha kuondoka, kibuyu kilimwagwa, na mwezi wao ukaanza upya.

Miaka mingi kibuyu kilitunzwa na mama yake Damari. Aliyahesabu maharagwe kwa vidole, macho ameyafumba, huku akiomba. Alipokaribia kufariki hakumwachia bintiye. Alimwachia mkwewe Blandina, aliyemuuguza. Damari alinyamaza, ila kunyamaza kwake kulikuwa na maneno mengi. Blandina aliolewa hapo akitoka mbali, akafiwa kabla hajazoeana na watu. Kwanza aliitwa "yule mjane". Alipopewa kibuyu, watoto wakaanza kumwita Mama Mwezi, na kila aliyepita mlangoni pake akawa anasimama kumwuliza siku. Hakuwa na amana nyingine duniani, ila hiyo na Salome.

Basi Jumapili hiyo jua lilipanda, likafika utosini. Tangu jana yake jioni hakuna aliyetia kitu kinywani, kwa heshima ya Ushirika Mtakatifu, na nje ya kanisa vyungu vya wali na nyama ya mbuzi, vilivyoandaliwa kwa ajili ya harusi, vilitoa harufu isiyokuwa na huruma.

"Mimi nilisema," akanong'ona Mzee Habili kwa sauti iliyosikika kanisa zima. "Nilisema mwezi huu umekwenda mbio."

"Nawe ukajibiwa kwamba kibuyu hakidanganyi," akasema Damari. "Mama yangu hakukosea hata siku moja."

"Basi Padre ndiye aliyetusahau," akasema mtu kutoka nyuma. "Amezeeka. Sasa hivi amekaa mahali anakunywa chai."

"Aandikiwe Askofu! Atuletee kijana mwenye magoti."

Wengi wakaitikia, maana njaa ina haraka kuliko haki. Ilijulikana tayari kwamba Askofu alikuwa akifikiri kumwondoa Padre Lukasi kwa sababu ya uzee wake, na kwamba lalamiko moja lingetosha. Mwalimu Stefano, akiona haya mbele ya wageni wa harusi, akatoa karatasi akaanza kuandika.

Blandina alimtazama akiandika. Mumewe alipofariki, Padre Lukasi alitembea siku mbili katika matope ili kuja kumzika. Baada ya mazishi hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alikaa chini kwenye mkeka, karibu na mjane, mpaka yule mjane alipolia akatulia. Mtu kama huyo husahauje?

Akatoka taratibu. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kanisani. Akakishusha kibuyu, na kwa mara ya kwanza hakuhesabu kwa vidole. Aliyamwaga maharagwe juu ya ungo. Yalikuwa matatu. Mawili meusi, na moja jekundu lenye madoadoa.

Salome, aliyemfuata, akafurahi kuliona. "Hilo langu!"

"Lako? Nani amelitia humu?"

"Mimi. Nilimpa Padre."

"Lini, mwanangu?"

"Siku ya mvua. Nilipokuwa naumwa. Nilitaka aje upesi."

Ndipo Blandina alipokumbuka. Jumapili ya pili ilinyesha mvua kubwa, watu hawakukusanyika, naye alitia haragwe lake jeusi kwa haraka, akashinda akimkanda mtoto mwenye homa. Bibi Eufemia alikuja amelowa chapachapa, akamletea Salome konzi ya mbegu za maharagwe ya madoadoa achezee. Naye mtoto alijua kwamba maharagwe yakijaa Padre huja, na kwamba mfukoni mwa kanzu ya Padre hamkosi kipande cha sukari guru. Kesho yake Blandina alipapasa, akahesabu matatu, akatangaza. Kumbe Padre hakuchelewa. Wao ndio waliowahi, kwa juma zima.

Jikoni makaa yalikuwa bado hai. Haragwe ni kitu kidogo; lingeungua kabla mtu hajamaliza Baba Yetu. Kibuyu kingebaki mikononi mwake, naye angebaki Mama Mwezi. Alisimama hapo, haragwe kiganjani, na kutoka kanisani ikamfikia sauti ya Mwalimu akiwasomea watu barua: "Kwa Baba Askofu, sisi waumini wako wa Kwemzinga, kwa masikitiko makubwa..."

Akamfunga Salome mgongoni, akarudi kanisani, akaenda moja kwa moja mpaka mbele.

"Mwalimu, naomba usiipeleke," akasema. "Padre hana kosa. Leo si siku yake. Kosa ni la nyumbani kwangu." Akawaonyesha lile haragwe, akawaeleza yote bila kupunguza, mpaka kule kusita kwake karibu na makaa. Kisha akakiweka kibuyu chini, juu ya ule udongo mwekundu uliokandikwa kwa ajili ya Padre. "Mpeni anayestahili."

Salome akachungulia begani kwa mama yake, akauliza, "Padre yuko wapi?"

Bibi Eufemia ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia kicheko kwa kanga, kikamponyoka, na aliyekuwa karibu naye akaambukizwa, mara kanisa zima likawa linatikisika. Mzee Habili alicheka mpaka akashika kamba ya kengele asianguke, kengele ikalia yenyewe, wakazidi kucheka.

"Labda ni Mungu aliyelitia haragwe lile," akasema mmoja akijifuta machozi.

"Usimsingizie Mungu," akajibu Bibi Eufemia. "Aliyelitia ni Salome."

Mwalimu Stefano akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akamgeukia bibi harusi. "Mwanangu Hilda, tutakuambia nini?"

"Nimengoja tangu mavuno ya mwaka jana, Mwalimu," akasema Hilda. "Juma moja halitanizeesha."

"Mimi litanizeesha," akasema Anania kwa huzuni, na watu wakacheka tena.

"Sasa chakula," akasema Bibi Eufemia. "Nyama haijui kusubiri. Na ng'ambo ya mto kuna watu ambao mvua ile ile iliwachukulia mahindi yao yote. Habili, hebu piga kengele, safari hii kwa makusudi."

Ikapigwa. Wakaja watu wa ng'ambo na watoto wao, waliokuwa wakila mizizi kwa siku kadhaa, wakaketi pamoja na waumini uwanjani. Wazee wao wakapakuliwa kwanza. Hilda alivua viatu vyake vya harusi, akapitisha maji ya kunawa kama mtumishi, na sahani za wageni hazikuachwa tupu.

Katikati ya shughuli Damari alimkuta Blandina nyuma ya vyungu, amejificha kwa haya. Kibuyu kilikuwa mkononi mwa Damari.

"Wifi," akasema polepole, "mama yangu naye alikosea. Padre alikuja, akatukuta hatujafagia. Mama akawaambia watu kwamba Padre amewahi, naye Padre akakubali, akaomba radhi. Hapa kijijini mimi peke yangu ndimi niliyejua. Lilimkaa mama moyoni mpaka alipokufa." Akakiweka kibuyu mikononi mwa Blandina. "Leo nimeelewa kwa nini hakuniachia mimi. Mimi ningelitia lile haragwe motoni."

"Hata mimi nilikaribia, wifi."

"Ndiyo, lakini ulirudi." Kisha akatwaa kifuu cha nazi, akakichonga hapo hapo kwa kisu cha nyama, akakifanya kizibo cha kibuyu, kigumu kwa vidole vya mtoto.

Jumapili iliyofuata Padre Lukasi alifika akiwa na matope mpaka magotini. Aliwafungisha ndoa Anania na Hilda, na karamu ikawa ya mihogo ya kuchemsha, maana hapakuwa na kitu kingine. Aliposimuliwa kisa, alimwita Salome, akatia mkono mfukoni.

"Uliniita mapema, mama," akasema, akimpa sukari guru. "Miguu yangu ndiyo haikusikia."

Enyi wapendwa, tazameni jinsi ukweli wa mtu mmoja ulivyoliokoa jina la mzee asiyekuwapo, ukawashibisha wenye njaa, na kuwapatanisha mawifi wawili. Waja wema hawakuwa watu wasiokosea. Walikuwa watu waliorudi kanisani na haragwe kiganjani. Mwenyezi Mungu atujalie sisi nasi miguu ya kurudi.

Blandina alikitunza kibuyu kile miaka thelathini na mmoja, na baada yake akakitunza Salome.