Maji ya Kumpokea Mtoto

Haya, sogeeni. Nikisema "Kisa!" ninyi semeni "Kitue!"

Kisa!

Kitue!

Kisa!

Kitue, tukibebe!

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walikuwa na chemchemi moja tu. Na mila yao ilikuwa hii: mtoto akizaliwa, kabla hajaonja ziwa la mama, hupewa maji ya chemchemi. Waliyaita maji ya kumpokea. Kulinda chemchemi wakamweka Fisi, kwa kuwa anaogopwa. Jamani, Fisi kupewa ulinzi! Basi ndivyo walivyofanya, na akili zao timamu.

Bi Paa akazaa mtoto wa kwanza. Akapewa maji. Akaharisha, siku ya tatu akafa. Majirani wakasema kazi ya Mungu haina makosa.

Akazaa wa pili. Akapewa maji. Akaharisha, akafa. Sasa wakanong'ona kwamba mama huyu ana mkosi.

Akazaa wa tatu. Bi Paa alikuwa amechoka, alijua huyu akimtoka hatapata mwingine. Akamnyonyesha kwa siri, akamwachia mama mkwe wake, akamsihi asimtie chochote kinywani. Kisha akaenda chemchemini.

Fisi alikuwa amelala fofofo. Maji yaling'aa, kokoto unazihesabu. Lakini Bi Paa alipochungulia chini ya jiwe, pale maji yanapotokea, aliona paja la punda, na mbavu, na utumbo, vyote vimeota ute. Fisi alikuwa akiloweka nyama yake humo isichomwe na jua. 

Bi Paa akakimbilia barazani kwa Mzee Nyumbu, mkuu wa mji, akaeleza. Wazee wakasema maji yanayong'aa hayana ubaya. Akaeleza tena, analia. Wakasema kumkagua mlinzi ni kumvunjia heshima. Mara ya tatu akapiga magoti.

"Wazee wangu, sitaki Fisi aadhibiwe. Nataka mje mtazame tu. Kutazama kuna hasara gani?"

Mzee Nyumbu akaona haya, akainuka. Wakaenda, wakalisukuma jiwe, wakaiona nyama kwa macho yao. Fisi alipoamka na kuuona umati, akatokomea porini.

Bi Paa akarudi nyumbani mbio, moyo umeanza kutulia. Akamkuta mama mkwe amempakata mtoto, kibuyu kiko kando.

"Alikuwa analia, mwanangu. Nikaona mila haijatimizwa. Nimempa kidogo tu, nimpokee mjukuu wangu."

Bi Paa hakumgombeza. Amgombeze kwa lipi, na bibi wa watu amefanya kwa mapenzi? Alimchukua mwanawe, akakaa naye chini. Siku ya kwanza mtoto akaharisha. Siku ya pili macho yakadidimia. Siku ya tatu wakachimba kaburi dogo.

Wazee walikuwa wamekwisha kuisafisha chemchemi. Wakamletea mfiwa maji safi, vichwa chini. Bi Paa alikuwa na kiu, akanywa. Ladha ilikuwa ileile ya siku zote. Hapo ndipo alipoangua kilio.

Ndiyo hivyo, wanangu. Maji usiyaamini kwa kung'aa wala kwa utamu, katazame yanakotoka. Na mwenye uchungu akikuita ukatazame, nenda anapokuita mara ya kwanza.

Kisa nimekitua. Mwenye mabega akibebe, aliyesinzia shauri yake.