Saa Unayo Mkononi

Ngumi ya kwanza ni jicho. Mmemsikia mama yenu akisema hivyo mlipokuwa mnatoka, mkacheka, mkaniuliza jicho linapigaje ngumi. Kaeni kidogo, wajukuu zangu. Msemo huu ulizaliwa hapa hapa Iringa, nami nilikuwapo.

Mwaka ule wanawake wa mtaa wetu tulikuwa tunavamiwa mchana kweupe. Vibaka walikuwa wawili, lakini hakuna aliyeweza kueleza sura zao. Kila aliyevamiwa alisema, "Walitokea tu." Basi tukaanza kushuku kila mtu. Mgeni akipita, tunamkata jicho. Akitusalimia kwa upole, ndiyo kabisa tunafunga milango.

Afande Kihwelo, askari magereza mstaafu, akajitolea kutufundisha kujihami uani kwake. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Nikipiga lile gunia la mchanga, linayumba. Jirani yangu Atukuzwe, fundi cherehani, alikuwa wa mwisho. Alilipiga gunia kama mtu anayebisha hodi kwenye msiba.

Lakini Afande alitufundisha kupiga mara chache tu. Zaidi alituuliza maswali. Uliyepishana naye sasa hivi, mikono yake ilikuwa wapi? Ukitaka kukimbia, utaingilia mlango gani?

Siku moja nikachoka. "Afande, tumekuja kujifunza kupigana, si kuchungulia watu."

"Mama, ukimwona mapema, unaondoka," akanijibu. "Ukichelewa kumwona, ndipo unapigana. Na hapo hata mimi naweza kushindwa."

Sikumsikiliza.

Jumamosi moja, saa nane mchana, nilikuwa natoka sokoni huku nikiwaza nitawapikia nini wageni. Kijana mmoja akaniuliza, "Shikamoo mama, saa ngapi?" Nikainamisha kichwa kutazama saa yangu. Mwenzake akanisukuma kwa nyuma, nikaangukia mkono, mfupa ukavunjika. Walipokwisha kunipora, majirani wakaniuliza walifananaje. Nami nikasema yale yale: "Walitokea tu." Ngumi zangu sikuwahi hata kuzikunja.

Siku ya tatu Atukuzwe alipita njia ile ile akipeleka nguo za mteja. Kijana mmoja akamsogelea akitabasamu.

"Samahani dada, saa ngapi?"

Atukuzwe hakutazama saa. Alimtazama yeye. Akaona mkanda wa saa ukichungulia chini ya mkono wa shati. Akaona pia kwamba macho ya kijana hayakuwa kwake. Yalikuwa yanampita begani, yanamwangalia mtu mwingine. Akaruka pembeni, akaupa mgongo ukuta wa duka, akainua viganja vyote viwili mbele yake.

"Simama hapo hapo! Usinisogelee!"

"Dada, mbona ukali? Nimeuliza saa tu."

"Saa unayo mkononi!" akapaza sauti mpaka watu wakachungulia madirishani. "Na wewe uliyekuwa nyuma yangu, mwenye kovu shavuni, nimekuona!"

Yule mwenye kovu akamrukia, akamkamata kifundo cha mkono. Atukuzwe akauchomoa kwa nguvu kuelekea upande wa kidole gumba, kama tulivyofundishwa, akamsukuma kidevu kwa kiganja. Hakungoja kuona kama kimemwuma. Akaliacha furushi la nguo, akakimbilia kwenye mashine ya kusaga, katikati ya watu. Vibaka wakatimka. Kwa kuwa safari hii kulikuwa na mtu wa kueleza sura zao, polisi waliwakamata kesho yake.

Tulipokutana tena uani, wanawake walimzunguka. "Kumbe Atukuzwe una ngumi!"

"Sijapiga ngumi hata moja," akasema. "Niliogopa, jamani. Nilikimbia."

Wote wakanigeukia mimi, hodari wao, niliyekaa kwenye benchi na mkono uliovunjika umefungwa plasta. Wajukuu zangu, sikusema kwa hekima. Nilisema kwa aibu, na mkono ukiniuma.

"Umepiga, Atukuzwe," nikamwambia. "Umempiga yule kijana kabla hajakugusa. Mimi nilitegemea mikono, nikachelewa. Ngumi ya kwanza ni jicho."