Kwa Nini Mdudu Yule Anaitwa Vunjajungu

Hebu wekeni udongo chini mnisikilize, maana nimemwona mmoja wenu akimfukuza mdudu yule kwa ufagio wala hajui kisa chake.

Zamani hakuwa na jina baya. Bibi zetu wafinyanzi walimwita Mcha Mungu, kwa sababu alisimama siku nzima amekunja mikono kifuani kama anayeomba. Walimwachia vyungu vibichi avilinde, na akitua juu ya chombo hakuna aliyethubutu kumgusa.

Enzi hizo mama wa bibi harusi alifinyanga jungu kwa mikono yake, akalijaza togwa, akalibeba kichwani hadi kwa wakwe bila kulitua njiani. Likifika zima, binti anaolewa. Likivunjika, harusi inangoja mpaka jingine lifinyangwe, likauke, lichomwe.

Nakijwa alikuwa na binti mmoja tu, Namsifu, ambaye harusi yake ilikuwa imeahirishwa misimu miwili kwa sababu ya mvua. Siku ilipofika, wadudu wawili, jike na dume, walikuwa wametulia mdomoni mwa jungu. Wifi yake akataka kuwafukuza.

"Waache, wifi," Nakijwa akasema. "Mke na mume wacha Mungu wanatusindikiza. Unataka baraka gani zaidi?"

Vigelegele vikapigwa, safari ikaanza. Zilipobaki hatua kumi kufika mlangoni kwa wakwe, wadudu wakateremkia mkono wake ulioshika jungu. Nakijwa akageuza macho awafurahie. Lo! Mke amemkumbatia mumewe kwa mikono ileile ya kuombea, na anamla! Kichwa kimeshaliwa, na miguu ya yule bwana bado inacheza!

"Mama yangu weee!" Nakijwa akapiga ukelele, mikono yote miwili hewani.

Jungu likapasuka vipande vipande. Togwa ikawafikia wakwe miguuni kabla ya bibi harusi. Namsifu akaketi palepale penye vigae, akalia.

"Nani kavunja jungu?" mkwe akauliza.

Nakijwa aliitazama mikono yake, akamtazama binti yake, kisha akamnyooshea mdudu kidole. "Huyu hapa."

Na tangu siku hiyo anaitwa vunjajungu, na mfinyanzi akimwona hutua mzigo wake kwanza. Namsifu aliolewa mwaka uliofuata, naye ndiye aliyemzaa bibi yangu. Maisha yake yote hakumfukuza mdudu yule. Kila alipomwona alimwambia, "Pole."