Mtoto Hanyonyi Marashi

Mtoto hanyonyi marashi.

Jana mlilisikia neno hilo mlipokwenda kumtazama yule mzazi aliyejifungua juzi. Mlimpelekea vichupa vya manukato vya kila rangi, hata kibaba cha uwatu hamkumpelekea, na yule mama wa makamo anayemhudumia akaviweka vichupa vyenu juu ya kabati, akasema, "Mtoto hanyonyi marashi." Nanyi mkachekeana kama kawaida yenu. Leo mmekuja kuniuliza limetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe unayeziba pua kwa sababu natwanga vitunguu saumu, sogea hapa karibu yangu, maana habari hii inakuhusu zaidi. Neno lenyewe lilianza hivi.

Zamani, katika kijiji cha Mkadini, ilikuwako nyumba iliyojulikana kwa harufu kabla hujaiona kwa macho. Ukipinda tu kona ya msikiti, unapokewa na asumini, rehani na mlangilangi. Ilikuwa nyumba ya Bi Raya, mjane, fundi wa kushona vikuba, vile vishada vya maua wanavyojibandika wanawake kifuani siku za furaha. Msichana akikaribia kuolewa, alipelekwa kwa Bi Raya akae ndani, asuguliwe liwa, afukizwe udi, afundishwe kujisafisha mwili wake wote, hata pale pasipotajwa mbele za watu. Na chakula chake kilikuwa cha peke yake. Samaki hali, kitunguu hali, bizari haonji. Alilishwa tende, mkate wa kumimina na maziwa yaliyotiwa iliki.

"Mtu hunuka alichokula," alikuwa akisema Bi Raya. Na kusema kweli, hapo hakukosea. Ila kweli nayo ina mahali pake.

Mwanawe Vuai, aliyekuwa akiyapeleka marashi ya mamake minadani, alimwoa Kazija. Huyu Kazija alitoka upande wa wavuvi, kwa wanawake wanaokwenda mwambani kuchokoa pweza. Mamake alikufa yeye angali mdogo. Alipokuwa akicheza na wenzake walimwita Kazija Pweza, na ukitaka kumliza ilitosha kushika pua akipita. Basi siku alipotolewa ndani kwa Bi Raya, biharusi, amesuguliwa, amefukizwa, ana kikuba kifuani, wanawake wakamnusa shingoni na kusema, "Mashaallah, unanukia!" Alilia. Watu walidhani analia kwa kuwaacha watu wa kwao. Kumbe tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Aliipenda nyumba ile, na mama mkwe wake alimpenda kama mama.

Mungu akawajaalia, Kazija akazaa mtoto wa kiume, wakampa jina Shaame. Aliyemzalisha ni Bi Mize, mkunga wa kule kwa wavuvi, shoga wa marehemu mamake. Bi Mize hakuwa na maneno mengi. Alimkanda kwa maji moto, akamfunga tumbo, akaingia jikoni mwenyewe. Akampikia supu ya pweza, uji wa pilipili manga, uwatu uliorowekwa, zile mbegu chungu za kuleta maziwa, na vitunguu saumu vya kutosha kumfukuza jini. Maziwa yakafunguka. Mtoto alinyonya mpaka yakamtoka pembeni mwa mdomo, akanona, mapaja yakafanya mikunjo. Kisha Bi Mize akaitwa kwenda kuzalisha kisiwa cha pili. Alipoaga alisema, "Kula hivi hivi mpaka arubaini iishe. Usiache hata siku moja."

Sasa, nyinyi mliokula uwatu mnajua. Hauishii tumboni. Unatoka kwenye jasho, unatoka kwapani, unakaa kwenye nguo na kwenye kitanda, hata haja ndogo inanuka uwatu. Ongeza pweza, ongeza kitunguu saumu, ongeza damu ya uzazi. Kazija alioga asubuhi, adhuhuri na jioni, na bado harufu iko pale pale. Chumba chake kilikuwa kinatazamana na ukumbi wa kupokelea wageni, katikati ni pazia tu.

Siku moja wakaja watu wa harusi kumtazama fundi. Mbele yao alikuwa shangazi wa biharusi, mwanamke wa mdomo mrefu. Akasimama mlangoni, akainua pua, akasema kwa sauti, "Lo! Bi Raya, umeacha vikuba, sasa unauza pweza?" Wote wakacheka. Nyuma ya pazia Kazija alikuwa amempakata mwanawe, anamnyonyesha. Alilisikia neno lile la pweza, na utoto wake wote ukamrudia.

Wageni walipoondoka, Bi Raya aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, sikulaumu. Uzazi ni uzazi," alisema. "Lakini nyumba hii inakula kwa harufu yake."

"Nimeoga, mama. Wallahi nimeoga."

"Najua umeoga. Harufu haiko kwenye ngozi, iko kwenye sufuria. Mtu hunuka alichokula."

"Bi Mize alisema nisiache."

"Bi Mize anajua kuzalisha. Kunukia najua mimi."

Hapo Kazija angeweza kukataa. Lakini jioni ile Vuai alipoingia kuchukua mto wake akalale ukumbini, alimuuliza, "Na wewe waisikia?" Vuai hakugeuka. Alisema, "Kidogo tu." Maneno mawili hayo, na ndiyo yaliyokata shauri.

Basi mzazi akalishwa chakula cha biharusi. Hilo ndilo kosa lenyewe, lishikeni vizuri. Pweza akakatazwa, uwatu ukamwagwa, vitunguu saumu vikatolewa jikoni. Zikaja tende chache na maziwa ya iliki. Akafundishwa kujiosha kwa maji ya ndimu kidonda cha uzazi hakijafunga, naye akauma meno, akajiosha. Akasimama juu ya chetezo cha udi, moshi umfukize. Akapakwa mafuta ya mlangilangi shingoni na kifuani, akabandikwa kikuba pale pale anapolala mtoto. Haikuchukua muda chumba kikarudi kunukia. Bi Raya akamsifu, wageni wakarudi, Vuai akarudisha mto wake. Kazija alifurahi, tusimfiche. Msichana aliyekimbizwa na jina la pweza maisha yake yote alifurahi, na nani kati yenu asingefurahi?

Shaame ndiye aliyekataa. Akiletwa kwenye titi ananusa, anageuza uso, analia. Wakasema ni mchango, wakamsugua tumbo. Wakasema ni jicho la hasidi. Jirani akaleta mvuje, ile dawa ya kufukuza jicho, wa kumfunga mkononi, Bi Raya akautoa nje kwa vidole viwili, kwa kuwa unanuka. Na titi lisiponyonywa hulala, sembuse la mtu anayekula kama ndege. Kazija akilikamua anapata matone. Mtoto akapewa maziwa ya mbuzi kwa kijiko, yakamharisha.

Mchana mmoja, Kazija alimlaza mwanawe juu ya kanga yake kuukuu, ile aliyojifunga siku za mwanzo, ambayo ilikuwa bado haijafuliwa. Mtoto alikuwa analia. Mara akanyamaza. Alipomtazama alimkuta amezamisha uso ndani ya ile kanga, anainyonya, macho ameyafumba, ametulia tuli. Kazija alisimama akiangalia. Moyo wake ulimwambia kitu. Akainama, akainusa kanga: uwatu, jasho, maziwa yaliyokauka. Alikuwa karibu kabisa kujua. Lakini pale pale zikasikika hodi ukumbini, wageni wamefika, naye akaona haya. Akamvuta mtoto taratibu, akaikunja kanga ile, akaitia kwenye beseni la sabuni. Mtoto akaanza kulia upya.

Bi Mize aliporudi kutoka kisiwa cha pili, alisimama mlangoni kama yule shangazi, akainua pua vilevile. "Humu mna harusi?" aliuliza.

"Hapana, dada, karibu," akasema Bi Raya. "Mna mzazi."

"Mzazi? Mbona nasikia harufu ya harusi?"

Akaingia chumbani bila kuvua baibui, akamchukua Shaame. Yale mapaja ya mikunjo yalikuwa yamesinyaa, ngozi inaning'inia. Akampitisha kidole utosini, utosi umebonyea. Mtoto alikuwa analia, lakini machozi hayatoki.

"Leo umekula nini?" alimuuliza Kazija.

"Tende. Na maziwa ya iliki."

"Na pweza?"

Kazija akatikisa kichwa.

"Na uwatu niliokuachia?"

"Nilikuwa nanuka, Bi Mize," akasema Kazija kwa sauti ndogo. "Watu walikuwa wanacheka."

"Ulikuwa unanuka maziwa, mwanangu! Huyu macho yake hata hayajaona mbali. Jina lako halijui. Akujue kwa kitu gani, kama si kwa harufu? Umejipaka mlangilangi titini, amelitafuta titi la mamake, amekuta mgeni."

Bi Raya alikuwa amesimama kwenye pazia, ana sindano na uzi mkononi. "Nimemlisha kama ninavyowalisha wote," alisema. "Nilitaka apendeze."

"Wale unawalisha wapendeze kwa waume zao, Bi Raya. Huyu alikuwa wa kupendeza kwa mtoto."

Hakuna aliyegombana zaidi, wakati haukuwapo. Bi Mize alimwosha Kazija kwa maji matupu, akaking'oa kile kikuba, akamfuta kifua mpaka mlangilangi ukatoka. Bi Raya alitoka mbio, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu, akateremka pwani. Mwanamke ambaye katika maisha yake hakuwahi kushika samaki mbichi, siku ile Mkadini nzima ilimwona akipanda njia ya msikiti amebeba pweza mkononi, maji meusi yanamchuruzika kwenye baibui, analia. Akampika kwa mikono yake. Akatia uwatu, akatia vitunguu saumu, nyumba ikanuka mpaka nje.

Kazija alikunywa supu ile bakuli kwa bakuli, machozi yanaingia humo humo. Kisha akamweka mwanawe kifuani. Shaame alinusa. Hakugeuza uso. Alilitafuta titi, akalikamata, akavuta mara chache. Lakini titi lilikuwa tupu, na yeye nguvu zilikuwa zimemwisha. Alilala pale pale, shavu lake juu ya kifua cha mamake, na kesho yake kabla ya adhuhuri akafariki.

Wanawake walijaa chumbani. Mtoto alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda yake ndogo, amelazwa juu ya mkeka. Kazija amekaa pembeni, mgongo ukutani. Mara akahisi kifua kimepata moto, kinakaza. Akatazama chini. Kanga yake ilikuwa imelowa. Supu ya jana ilikuwa imefanya kazi yake. Maziwa yalikuja, yakachuruzika mpaka mapajani, na harufu ya uwatu ikajaa chumba kizima. Wanawake wote waliisikia. Safari hii hakuna aliyeshika pua. Waliinamisha vichwa, wakalia.

Bi Raya aliingia na mrashi wa fedha, ndani yake ametia maji ya mawaridi bora kuliko yote aliyokuwa nayo, yale aliyokuwa akiwawekea watoto wa wakubwa. Alitaka kumnyunyizia mjukuu wake, ndiyo heshima pekee aliyoijua. Akainua mrashi juu ya sanda.

"Usimtie, mama," akasema Kazija. Hakupaza sauti, wala hakusema kwa hasira. Alisema vile unavyomkataza mtu asimwamshe mtoto aliyelala. "Mtoto hanyonyi marashi."

Bi Raya akateremsha mkono. Akaenda akakaa ukutani karibu na mkwewe, mrashi ameupakata, wasitazamane. Mtoto akachukuliwa, akaenda kuzikwa hivyo hivyo.

Matanga yalipoisha Kazija alikwenda uani, akaianua kambani ile kanga kuukuu. Akaileta usoni, akaivuta kwa pumzi ndefu, kwenye pindo, katikati, kila mahali, akimtafuta mwanawe. Ilikuwa inanukia sabuni tu.

Baadaye Kazija alizaa tena, alhamdulillahi, na watoto wakakua. Arubaini ya kila mmoja Bi Raya ndiye aliyepika pweza, na mgeni aliyeshika pua alionyeshwa mlango. Kazi yake ya vikuba hakuiacha, kwa kuwa harusi nazo zina haki yake. Lakini kila biharusi aliyetoka ndani mwake, akishamsugua, akishamfukiza, alimshika mikono na kumwambia, "Haya ni ya harusi, mwanangu. Siku ukizaa, ukaambiwa unanuka, wewe kula. Mtoto hanyonyi marashi." Mabiharusi wakalichukua neno, wakaenda nalo kwa waume zao, na ndivyo lilivyotufikia. Siku hizi watu hulisema hata pasipo na mtoto, wakimwona mtu anaacha linalomweka hai kwa kuogopa macho ya watu.

Sasa wewe uliyeziba pua, inuka. Chukua hivi vitunguu saumu, na uwatu ule pale kwenye kikapu, umpelekee yule mzazi. Usimpelekee na kichupa. Akikwambia anaona haya, kwamba mumewe kahamia ukumbini na mawifi wanamnong'ona, kaa naye mpaka amalize bakuli lake. Kisha mwambie, taratibu, kama alivyosema mwenyewe Kazija: mtoto hanyonyi marashi.